Kabla Hujaandika Proposali, Soma Fomu ya Kodi ya Mfadhili

Haya, mnanisikia huko nyuma? Hii maiki inakohoa kidogo lakini tutasukumana nayo. Asanteni kwa kuja, najua kuna wenye wametoka Kayole na wengine Kangemi, na ile jam ya leo asubuhi hata siisemi.

Niliambiwa niongee juu ya ruzuku za faundesheni kwa vikundi vya mazingira na vile vya kuzuia mimba za mapema, na aliyenialika akaniomba pole ati amechanganya vitu viwili. Nikamwambia hujachanganya kitu, wenye wanatenganisha ni wafadhili.

Chukueni Samburu. Ule utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulisema asilimia 15 ya wasichana wa Kenya wa miaka 15 mpaka 19 wameshawahi kushika mimba. Nairobi ni 8, Nyeri 5, Samburu 50. Nusu! Na Samburu hiyohiyo imejaa konsavansi, gari za mradi wa wanyama zinampita huyo msichana kila siku zikimrushia vumbi, na hakuna pahali ameandikwa kwa bajeti ya hiyo gari, yeye ni mtu wa mambo ya afya, aende kwa ofisi ingine.

Ama kule ziwani, watu wa Homa Bay si mnajua jaboya, samaki wakipungua mvuvi hauzii tu mama yeyote amefika na beseni, anauzia yule wameelewana naye, na kuelewana kwenyewe mnajua ni kupi, na huyo mama saa zingine ni mtoto wa shule. Sasa hapo ukiongea juu ya nyavu haramu umeshaanza kuongea juu ya mimba, hata kama hujataka. Na kuna wenye walishaiona hiyo. 2011 shirika la Pathfinder International walianza mradi wa HoPE-LVB pande zote mbili za ziwa, Kenya na Uganda, samaki, miti na uzazi wa mpango ndani ya mradi mmoja, pesa ikatoka kwa faundesheni za Packard na MacArthur, na kwa USAID. Kwa hivyo inawezekana, ni vile tu si wengi wanakubali.

Sasa kabla mtu hajanishika mkono aniulize ni nani anatoa pesa, wacha niwaonyeshe hii pesa inaishi wapi. Faundesheni binafsi ya Marekani, mfano ya familia tajiri, si sadaka ya Jumapili yenye mtu anatoa akijisikia. Sheria yao inawabana watoe kila mwaka karibu asilimia 5 ya mali yao. Mwenye ana dola milioni 100 lazima kama milioni 5 zitoke, na gharama zake za ofisi za kuendesha hiyo kazi ya kutoa zinahesabiwa humohumo. Kwa hivyo usiende ukijikunyata, hiyo pesa itatoka hata usipoomba, swali ni itaelekea wapi.

Na jibu limeandikwa. Kila mwaka wanajaza fomu ya kodi inaitwa 990-PF, na iko wazi kwa kila mtu, unaisoma kwa simu yako hapo ulipo bila kumlipa mtu. Usianze na hesabu kubwa za mbele, zitakuumiza kichwa bure. Shuka mpaka ile orodha ya waliopewa: jina, mji, kazi ya pesa, dola ngapi. Wakiwa 40 na wote ni wa jimbo moja la huko kwao, hiyo "jamii" wanaimba kwa websaiti si wewe. Faundesheni ya Hewlett kwa mfano, imeanzishwa 1966, ni kubwa na inajulikana, lakini uhifadhi wa ardhi kwao kwa miaka mingi umekuwa wa magharibi mwa Amerika Kaskazini, mito na nyika za huko. Ukiwaandikia hapo juu ya Mto Ngong unawasumbua na unajisumbua.

Halafu karibu na hiyo orodha kuna kiboksi kadogo, mimi ndio kitu naangalia kwanza siku hizi. Kikitiwa alama maana yake ni hawa wanawapa tu wenye wameshawachagua wenyewe, hawapokei maombi ya kutumwa. Yaani alama moja, na mimi nimewahi kukesha siku tatu nikiandikia watu wa hicho kiboksi, nikabaki kungoja jibu kama mtu anangoja matatu Krismasi.

Lakini hilo si kosa langu kubwa. Kosa langu kubwa lilikuwa kwa kikundi fulani cha akina mama, walikuwa na nasari ya miche kando ya mto, na jioni wasichana wa mtaa wanakuja kumwagilia. Na ni pale kwa miche ndio mambo yote yalikuwa yanasemwa, nani hajaona siku zake, nani anafuatwa na jamaa wa boda akitoka shule, na kulikuwa na mwalimu mmoja wa kike anakaa nao akiwasikiza. Mfadhili akatokea, anataka miti tu. Mimi mjuaji nikafuta wasichana kwa proposali yote, neno kwa neno, na pesa tukapata, tukala mbuzi. Ripoti ya kwanza wakauliza miche mingapi, ya pili miche mingapi. Mwalimu hakuwa na laini kwa bajeti, hata nauli ikatushinda, akaacha kuja. Yeye akiacha wasichana nao wakaacha, sasa niambieni nani atabeba maji? Tuliandika ripoti ya tatu tukitafuta neno la heshima la kusema miche imekauka.

Siku hizi wacha ninyimwe. Namwandika mwalimu, nauli yake, na kodi ya chumba, na kama fomu haina pahali pa hiyo naandika imeli kwanza niulize.

Mtaulizwa mengi pia nyinyi. Kwa sababu mko nje ya nchi yao, mara nyingi sheria inawalazimu wawachunguze kabla, muandikiane mkataba, pesa yao itengwe, na ripoti. Si dharau hiyo. Cheti kiwe sawa, iwe ni kikundi cha jamii chini ya sheria ya vikundi ya 2022 ama shirika chini ya ile ya PBO, yaani mashirika ya manufaa ya umma, yenye ilipitishwa 2013 ikaanza kufanya kazi Mei 2024. Na daftari la mweka hazina likuje na risiti zake, hata za mkokoteni.

Chai naona imefika. Wenye wana mfadhili tayari kwa kichwa, kujeni na simu kwa ile meza ya dirisha, tutafungua fomu yake pamoja tuangalie kiboksi.