Sheria Ikae Mezani Siku ya Kuchora

Watengenezaji wa programu wakinipigia simu wiki moja kabla ya uzinduzi, wakaniomba nije "kuangalia kama tuko sawa na sheria," huwa najua hawako sawa.

Niliwahi kukaa na vijana wanne waliotengeneza huduma ya miadi ya kliniki. Kazi safi, skrini zinapendeza. Nikauliza: mgonjwa akitaka taarifa zake zifutwe, mnafanyaje? Kimya. Namba ya kitambulisho ndiyo waliyoifanya ufunguo, yaani kiungo cha kumtambua mtu, wa kila jedwali: miadi, malipo, majibu ya maabara, hata ujumbe wa kumkumbusha mtu siku yake. Ukimfuta mgonjwa, hesabu za malipo zinavunjika. Ukimwacha, umemnyima haki yake. Siku ya kwanza, ubaoni, wangeweka namba yoyote ya kubuni badala ya kitambulisho, jambo la dakika tano. Sasa kanzidata, ghala la majedwali hayo yote, ilikuwa na watu ndani, na ilibidi waibomoe jedwali kwa jedwali. Walilala ofisini.

Na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 31, inasema kazi yenye hatari kubwa kwa haki za watu ifanyiwe kwanza tathmini ya athari, yaani kupima data hizo zinaweza kuwadhuru watu vipi, na ripoti ipelekwe siku 60 kabla ya kuanza kuchakata data. Sitini! Wewe umenipigia zimebaki saba.

Najua mtakalosema: "Mwalimu, sisi tuko wanne tu, hatuna pesa za wakili." Haya, tuitazame serikali, ambayo mawakili inao. Oktoba 2021 Mahakama Kuu, Jaji Jairus Ngaah, ilibatilisha utoaji wa Huduma Card, kadi mpya ya utambulisho ya serikali. Hakuna aliyesema plastiki ni mbovu. Tathmini haikufanywa, basi, na wakati huo wananchi walishapanga foleni, walishatoa alama za vidole. Mei 2025 mahakama hiyohiyo ikaamuru Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, ifute data za kibayometriki (alama za mwili) za Wakenya ndani ya siku saba. Mnaukumbuka umati wa KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, Agosti 2023, watu wanapigwa picha za mboni kwa ahadi ya sarafu za kidijitali? Tathmini ya kutosha haikuwepo. Kwa hiyo msiniambie habari ya pesa. Swali la "taarifa hii tunaitakia nini?" halina ada, na anayeweza kulijibu ni yule anayechora jedwali. Wakili hajui kwa nini umeomba tarehe ya kuzaliwa. Wewe unajua, au hujui, na kama hujui usiiombe.

Nilitaka kusema juu ya mikopo ya simu, programu zinazoomba majina yote ya watu uliowahifadhi kwenye simu ili ukichelewa kulipa apigiwe shemeji yako. Na watoto, ridhaa ya mzazi, kifungu cha 33. Muda umekwisha, naonyeshwa saa.

Lakini wewe wa nyuma, mwenye kompyuta wazi: hebu fungua jedwali lako la watumiaji, utusomee safu ya kwanza.