Sambaza haijakimbia, imeshuka tu

Jambo zenu bote. Mikro iko nalia kidogo, nitasema kwa nguvu, bale ba nyuma kama hamusikie munyanyue mukono.

Naanza na ile neno tunasikiaka hapa Bukavu, ku ziwa Kivu, karibu kila mwezi juu ya ile samaki yetu ndogo: «Sambaza imepotea». Mama mwenye kuuza anasema vile, bei inapanda, na kesho yake mutu anakuambia ni gazi ya ziwa imeua samaki, mwingine anasema ni bachawi ba kisiwa ya Idjwi (benye Idjwi muko hapa mutanisamehe, si mimi nilisema). Mimi nilivua na mujomba wangu miaka ine upande wa Birava mbele niende kusoma biolojia, na kile nataka kuwaambia leo ni kwamba mara mingi haikupotea. Iko mulemule mu ziwa, lakini imehama, na iko na sababu tatu za kuhama: mwangaza, hewa na chakula. Ukijua hizo tatu unajua siku ya kutoka na siku ya kulala.

Kwanza mujue huyu samaki ni mugeni. Jina yake ya kitabu ni Limnothrissa miodon, kwao ni Tanganyika. Mu 1959 Babelgiji balileta kutoka kule watoto ya samaki kama 57,400 bakatia mu Kivu, na balikuwa na aina mbili, ile ndakala ndogo yenye batu ba Uvira banakaushaka, na hii yetu yenye iko kubwa kidogo. Ndakala ilikataa, hii ikashika. Ilishika juu katikati ya ziwa, mbali na mwambao, hakukuwa samaki hata moja ya kukula planktoni, ni kusema vile vijidudu vidogo-vidogo vinaelea mu maji. Chakula ilikuwa mezani na hakuna mwenye kuikula. Tena kule Tanganyika anafukuzwa na mikebuka na sangala usiku na muchana, huku Kivu hakuna samaki kubwa ya kumufukuza mule katikati, adui yake ni ndege, na sisi.

Sasa hewa. Ziwa letu iko na sakafu ya uongo. Kipimo ya chini kabisa ni metre 485, lakini samaki haina ruhusa ya kushuka kule, juu hewa ya kupumua inaishia juu-juu tu, mu musimu wa mvua ni kama metre 30 ao 40, mu kiangazi inaweza kufika 60 na kitu. Chini ya pale maji iko nzito, iko na chumvi inatoka mu chemchemi za moto, iko na metani na ile gazi ya kaboni, ndugu kabisa ya mazuku, ile gazi inatoka mu udongo na inauaka mbuzi kule Goma. Samaki akishuka mule anakufa, kwa hiyo hashuki. Mutu anakuambia «sambaza imeenda chini sana, metre 200», mumuache, huyo hajui ziwa yake. Na mu bahia ya Kabuno, kule karibu ya Sake, ni mbaya zaidi, hewa inaisha kama ku metre 10 tu, nyumba nzima imebakia dari.

Ya pili ni mwangaza, na hapa njo bavuvi banapataka ao banakosaka. Muchana sambaza inashuka mu ile giza, inakaa makundi-makundi karibu ya ile sakafu ya hewa, juu ukiwa samaki ya kungaa kama sahani ya aluminiyomu na uko mu maji nyeupe muchana, murisha-samaki (ule ndege mweusi na mweupe anasimamaka mu hewa halafu anajitupa) anakumaliza. Magaribi jua ikizama, planktoni inapanda, sambaza inaifuata, kundi inavunjika, kila moja anakula upande wake. Njo maana ekipe za bavuvi zinatoka magaribi, mitumbwi mitatu imefungwa pamoja na miti ya mikaratusi, benye kupiga kasia banaimba paka kule katikati. Wavu unashushwa, taa zinawashwa, munangoja. Zamani ilikuwa petromaksi, mafuta ya taa ilikuwa inakula faida yote, leo ni lampi za batri. Taa inaita vijidudu, vijidudu vinaita sambaza, munanyanyua.

Lakini ile hesabu yote inashikilia giza. Mwezi ukiwa mukubwa ziwa nzima iko na mwangaza, lampi yako ni moja kati ya mwangaza mingi, samaki haina sababu ya kukuja kwako. Mimi usiku moja, nikiwa kijana wa kichwa ngumu, nilibishana na kapita wetu, ule mukubwa wa ekipe. Nikamwambia maneno ya mwezi ni imani ya bazee, nikakusanya bavulana batano, tukatoka siku ya mwezi kamili. Tulipiga kasia saa mbili, tukashusha, tukanyanyua, tukashusha, tukanyanyua, paka asubui. Tulirudi na sambaza ya kutosha supu ya mutu moja, na ile supu kapita njo aliikula, tena alitengeneza mbele yetu, polepole, na pilipili.

Alinifundisha kitu kisha pale, na biolojia haijakipinga: usihesabu siku tu, hesabu saa. Mwezi unachelewaka kutoka kama dakika 50 kila siku. Mbele ya mwezi kamili, mwezi uko tayari juu magaribi na unazama usiku, basi giza yako iko karibu ya asubui. Kisha mwezi kamili ni kinyume, magaribi iko giza nzuri na mwezi unatoka mu kati ya usiku, basi unashusha wavu mapema na unarudi kulala. Ekipe mingi zinasimamaka wiki nzima ya mwezi mukubwa, sawa, mwili unapumzika na nyavu zinashonwa, lakini mu zile siku za kando-kando iko saa mbili tatu za bure banaziacha.

Ya tatu, chakula, hiyo inafuata kiangazi. Mwezi wa sita paka wa nane upepo wa kusini unapiga, maji ya juu inapoa, inakuwa nzito, inashuka, ile ya chini kidogo inapanda na mbolea yake. Ziwa inajikoroga yenyewe kama mama anakoroga bugali. Kisha pale mimea midogo inaota, vijidudu vinakula mimea, vinaongezeka, na sambaza inanenepa. Mule kati-kati ya upepo yenyewe ni kazi ngumu, mitumbwi inacheza, na samaki iko na fasi kubwa ya kutawanyika juu hewa imeshuka chini. Mujomba alipendaka zile wiki upepo unapoanza kunyamaza. Mimi pia.

Na watoto yake? Inazaa mwaka muzima, na ile midogo inakaa mu mwambao, fasi ya maji mafupi, mbele ya kwenda katikati. Samaki yenyewe inaishi kama mwaka moja na kitu, haiko mutu wa kuzeeka. Basi ule anavuta mustikere (chandarua ya mbu) mu mwambao muchana anabeba samaki yetu ya miezi tatu ijayo mu beseni moja, na anauza bei ya takataka. Najua bengine benu munafanyaka vile, nimewaona, sitaje.

Kijana moja hapa mbele aliniandikia swali juu ya halibut, ile samaki kubwa bapana kama mulango, muko yake wa Kanada alimutumia video. Ile haiko yetu, ni ya bahari ya baridi, inalala chini ku muchanga na macho yote mawili upande moja. Lakini swali yake ni ileile: inahama wakati gani? Mu baridi, kama mwezi wa kumi na moja paka wa tatu, inashuka mamia ya metre pembeni ya shimo ya bahari juu ya kuzaa, mu joto inapanda maji mafupi kukula, na bavuvi ba ndoano banangoja maji ya bahari itulie kati ya kujaa na kupunguka, halafu banashusha chambo paka chini kabisa. Safari yenye halibut anafanya mu mwaka, sambaza anaifanya kila magaribi.

Naona mukono kule nyuma. «Leo tutoke ao tusitoke?» Mwezi leo uko siku ya kumi na mbili, utazama karibu ya saa kumi za usiku. Kama uko na nguvu, toka saa tisa, pata ile lisaa ya giza. Kama hauna, lala, na usimuambie mama mwenye kuuza kwamba mimi njo nilikukataza.