Mshipa wa Moyo Si Bomba

Ndugu zangu, kuna picha moja naomba leo tuiache mlangoni: kwamba mshipa wa moyo ni bomba, umejaa uchafu, na kinachotakiwa ni fundi wa kuuzibua. Picha hiyo imewapotosha wagonjwa wengi. Lehemu, yaani mafuta ya kolesteroli, haikwami katikati ya mshipa kama taka. Hujipenyeza ndani ya ukuta wake na kuutia uvimbe. Siku uvimbe huo ukipasuka, damu huganda juu yake na njia huziba kwa dakika chache. Tena mara nyingi unaopasuka ni ule mdogo, ambao haukuwa umebana hata nusu ya njia.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niwekewe stenti?", yaani kiwavu cha chuma cha kushikilia mshipa, uliza kwanza: hali yangu ni ya dharura au imetulia?

Kwenye shambulio la moyo, kila dakika misuli inakufa. Hapo hatubishani. Katheta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kifundoni mwa mkono au kwenye kinena, puto hutanua pale palipoziba, na stenti huachwa ipashikilie. Puto hilo daktari Andreas Grüntzig alilitumia kwa mara ya kwanza kwenye moyo wa mgonjwa huko Zürich, mwaka 1977. Kama huduma hiyo iko mbali mno, kuna dawa za kuyeyusha damu iliyoganda.

Lakini yule ambaye kifua humbana akipanda ngazi, akipumzika kinaachia? Utafiti wa ISCHEMIA, uliochapishwa 2020 na kuhusisha wagonjwa zaidi ya 5,000, haukuona kwamba kuwahi stenti au upasuaji kunapunguza vifo kuliko kuanza na dawa. Maumivu yalipungua, ndiyo, na hilo si dogo kwa mtu anayeteseka. Ila statini (dawa za kushusha lehemu), aspirini, kushusha presha na kuacha sigara hulinda mishipa yote; stenti hutibu sentimita chache tu.

Aliyebanwa kwenye shina la mshipa wa moyo wa kushoto, au mwenye kisukari na mishipa mitatu iliyobana, mara nyingi hufaidika zaidi na upasuaji wa kuunganisha njia mpya.

Kinachoniuma ni mgonjwa aliyewekewa stenti, akajiona kapona, akaacha vidonge. Dawa mbili za kuzuia damu kuganda kwa kawaida hunywewa miezi 6 hadi 12. Ukiziacha mapema, damu inaweza kuganda ndani ya stenti yenyewe. Hata ukiambiwa unang'olewa jino, zungumza na daktari wako wa moyo kabla hujaruka kidonge kimoja.