Bei ya Siku Usiyokwenda Shambani
Mazungumzo na wakata miti waliojiajiri, Mafinga

Kamwene, ndugu zangu. Najua leo ni Jumamosi na kuna walioacha kazi vijijini ili waje, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2016 nilikuwa nakata misindano kwenye shamba la mtu binafsi, upande wa Njombe. Miti ilipandwa kwa kubanana na haikuwahi kupogolewa. Lori lilikuwa limeegeshwa barabarani, mawingu yamefunga, na mnunuzi alitaka mzigo utoke kabla njia haijateleza. Nilikuwa nalipwa kwa mti. Mti wa tatu ukaangukia jirani yake ukanasa, shina likabaki kwenye kisiki, kichwa kimelala kwenye matawi ya mwenzake.

Mnajua nilichofanya, kwa sababu wengi wenu mmeshakifanya. Nilikwenda kuukata ule mti uliombeba mwenzake. Mti wa namna hiyo una uzito wake na wa mwingine, na umeshapinda. Ukiugusa kwa cheni ya msumeno haukupi nafasi ya kukisia unakwenda wapi. Miti yote miwili ilishuka pamoja, na shina la mti ulionasa likaruka kwenye kisiki, likanipiga chini ya goti.

Nilikaa nyumbani miezi minne. Mnunuzi alinipa pole na nauli ya hospitali. Sikuwa na la kumdai, kwa sababu hatukuandikiana chochote. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilianzisha mfuko wa kumlipa mtu anayeumia kazini, lakini anayechangia mfuko ule ni mwajiri. Mimi mwajiri wangu nilikuwa mimi, na sikuwa nimejiwekea hata shilingi. Msimu mzima nilikuwa nimetoza bei ya mtu asiyeumia.

Ndiyo maana nataka tuzungumze bei kabla ya msumeno. Ukimuuliza kijana analipwaje, atakwambia kwa mti au kwa siku. Muulize chensoo yake inalipwaje, ananyamaza. Mimi nachukua bei niliyonunulia mashine nagawa kwa siku 300 za kazi, na kiasi kinachopatikana natenga kila jioni kabla sijala. Halafu petroli, oili ya kuchanganyia, oili ya cheni, cheni yenyewe, tupa, plagi, nauli, posho ya msaidizi. Baada ya hapo ndipo natoa fungu la siku nisiyokwenda shambani: siku ya mvua, ya homa, ya mguu kama huu. Kinachobaki ndicho mshahara wangu. Kama hakuna kinachobaki, kazi ile sikuipata, nimemkopesha mnunuzi mashine na mwili wangu.

Na usikubali bei moja kwa miti yote. Mti wa kipenyo cha sentimita 40 si mara mbili ya mti wa sentimita 20. Ukiutazama uso wa kisiki, ni mara nne. Cheni inapita kwenye mbao mara nne zaidi, na petroli inafuata. Zunguka shamba na mwenye mali kabla ya kupatana, ukiwa na kamba ya kupimia. Angalia mteremko, angalia miti iliyoegemea, angalia matawi makavu yaliyoning'inia juu. Wanaokata kwenye vitalu vya Sao Hill, shamba la miti la serikali, wamezoea miti iliyopunguzwa na kupogolewa kwa mpango. Mashamba yetu ya watu binafsi mengi hayako hivyo, na mti mwembamba uliobanana ndio unaonasa. Kazi ya namna hiyo ni ya polepole, na bei iseme hivyo. Mkishapatana, andikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, mbele ya shahidi, na muandike kwamba mti ukinasa kazi inasimama mpaka ushushwe salama, lori lipo au halipo.

Unashushwaje? Kwanza usipite chini yake, na msaidizi wako asipite. Kama ni mwembamba, uzungushe shina kwa nguzo ndefu ukiwa umesimama upande usioweza kukuangukia, utelezeke. Kama ni mzito, funga kamba kwenye kitako uvutwe kwa trekta au winchi kutoka mbali. Kama huna cha kuvutia, weka alama, zuia watu, uondoke eneo lile. Kuangusha mti mwingine juu yake ili uugonge, msinitajie.

Lakini miti mingine inanasa kwa sababu ya bawaba mbaya. Unapokata mdomo, yaani lile pengo la mbele upande unakotaka mti ulale, usizidi robo ya kipenyo. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya kona ya ule mdomo, na usiukate mti ukaisha. Katikati acha ukanda wa mbao kama sehemu moja ya kumi ya kipenyo, yaani mti wa sentimita 40 uachie sentimita 4, unene ule ule kutoka upande hadi upande. Ukanda huo ndio unaouongoza mti kama bawaba inavyoongoza mlango. Ukiukata wote, mti unakwenda unakotaka wenyewe. Mti ukianza kulala, rudi nyuma kwa mshazari kwenye njia uliyoisafisha kabla hujawasha mashine. Mtu mwingine yeyote awe mbali mara mbili ya urefu wa mti: mti wa mita 25, mita 50.

Kuhusu msaidizi nina neno moja. Siku unapomlipa yule kijana anayekubebea galoni, umekuwa mwajiri wake. Helmeti inunuliwe mbili.

Suruali ya kazi ni ghali, najua. Ndani yake kuna nyuzi ndefu ambazo cheni ikizigusa inazivuta mpaka kwenye gia na mashine inakwama. Mara nyingi inakwama kabla haijafika kwenye mfupa. Anza na hiyo kabla ya kununua chensoo ya pili.

Halafu vidole. Baridi yetu ya Juni na Julai mnaijua. Ukiona asubuhi ncha za vidole zinakuwa nyeupe na kufa ganzi, usiseme ni baridi tu. Mtikisiko wa mashine unaharibu mishipa midogo ya damu, na baridi ndiyo inayouonyesha. Vaa glavu zenye joto, badilisha raba za mpini zilizochakaa, pumzika, nenda ukapimwe. Cheni butu inatikisa zaidi. Ukiona inatoa unga badala ya vipande, zima mashine unoe.

NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, inapokea michango ya waliojiajiri. Mimi nilijiunga mguu ulipopona, na bado nabaki na fungu langu la nyumbani, kwa sababu mchango wa uzee haulipi unga wa wiki ijayo.

Nimeona wengi mmekuja na mashine. Twendeni nje, kuna magogo mawili ya msindano nyuma ya jengo. Wekeni mashine chini zikiwa zimezimwa, kila mmoja anionyeshe cheni yake kwanza. Nani ana tupa?