Jina la Chuo Kikuu Lina Uzito Gani?

Mhadhara kwa wazazi na watahiniwa wa KCSE, Nakuru

Wazazi wenzangu, walimu, na nyinyi vijana mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, hamjambo.

Kila msimu wa KUCCPS, ile taasisi inayopanga wanafunzi vyuoni, ukifika, mzazi hunishika mkono, iwe ni sokoni au nje ya kanisa, na kuniuliza: "Mwalimu, hicho chuo kina jina?" Haulizi kozi ni ipi. Haulizi nani anafundisha, wala kama maabara ipo. Anauliza jina. Nimelijibu swali hili miaka nenda miaka rudi, na leo nalijibu hadharani ili tulimalize.

Jina lipo na lina kazi yake, sikatai. Lakini jina wanalolijua majirani zako ni tofauti na jina wanalolijua watu wa fani atakayofanyia kazi mtoto wako. La kwanza ni la kusifiwa kwenye harusi. La pili ndilo litakalomfaa.

Nipeni nafasi niwaeleze habari ya ngano. Walionisikia kabla wanaijua, watanivumilia.

Norman Borlaug alikuwa mtoto wa wakulima kule Iowa, Marekani. Alipojaribu kuingia Chuo Kikuu cha Minnesota alianguka mtihani wa kuingilia, akapokelewa kwa mlango wa pembeni, katika kitengo cha wale ambao hawakufuzu. Sasa Minnesota si Harvard. Hakuna mzazi wa Nakuru anayeota Minnesota. Lakini pale palikuwa na profesa mmoja, Elvin Stakman, na kwa ugonjwa wa kutu ya ngano hapakuwa na mtu duniani wa kumfikia. Borlaug alimsikia akitoa mhadhara juu ya kutu hiyo, akavutwa nao, akabaki kusoma chini yake mpaka akapata uzamifu mwaka 1942. Kazi aliyoifanya baadaye Mexico na Asia kuhusu mbegu za ngano ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Mtoto wa mkulima anayetaka kupambana na kutu ya ngano angeenda wapi, Harvard? Angeenda kwa Stakman.

Ngojeni, sijamaliza, maana habari hii inaishia hapa kwenu.

Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina ilionekana Uganda, nayo ikaitwa Ug99. Ilishambulia hata ngano ambazo dunia ilitegemea kwamba zina kinga. Mwaka 2005 Borlaug, mzee wa miaka 91, alifika Kenya kupiga kelele kwamba dunia imelala. Na mahali palipochaguliwa kupimia ngano za mataifa dhidi ya ugonjwa huo ni Njoro. Njoro hii yetu! Ukipanda matatu ya kwenda Egerton unapita jirani na kituo hicho cha KALRO, shirika la utafiti wa kilimo. Mbegu huletwa kutoka mabara mbalimbali, hupandwa katika vishamba vyembamba, mstari baada ya mstari, kisha zinaachiwa kutu izishambulie makusudi. Wataalamu hupita wakikagua shina kwa shina: hili lina vidonda vyekundu kama kutu ya mabati, hili limesimama safi. Mtafiti wa ngano India anaijua Njoro. Wa Australia anaijua Njoro. Wewe uliyezaliwa kilomita chache kutoka hapo unaniambia mwanao akisomea kilimo Egerton, chuo kilichoanza kama shule ya wakulima mwaka 1939, atakuwa "amebaki nyumbani." Mzazi mwenzangu, amebaki nyumbani vipi?

Hapo ndipo huwa nakasirika, na leo sitajificha.

Kuna binti mmoja ninayemfahamu, wa upande wa Bahati. Pointi zake za klasta, yaani za masomo ambayo kozi inayataka, zilimtosha kabisa kusomea uuguzi Masinde Muliro, kule Kakamega, na uuguzi ndio aliokuwa akiutaka tangu shule ya msingi. Nilikuwa nao siku ya kujaza, kwenye saiba hapa mjini. Msimbo wa kozi ulishaandikwa kwenye nafasi ya kwanza. Imebaki kubonyeza tu. Simu ikalia, mjomba mtu yuko Nairobi. Mama akaiweka kwa spika, sote tukasikia: "Kakamega? Na alama hizo? Mnataka watu waseme nini?" Mama akanitazama, akamtazama kijana wa saiba, akasema, "Futa." Wakajaza kozi ambayo hata jina lake binti alilisoma mara mbili, kwa sababu tu ilikuwa katika chuo kikubwa cha jiji. Chuo chenyewe hakina kosa lolote. Binti alikaa kule muhula baada ya muhula bila kujua anasomea nini, akaomba uhamisho, nafasi za uuguzi zikawa zimejaa. Yuko nyumbani mpaka leo. Na yule mjomba? Hana habari.

Mtaniambia, "Lakini mwajiri huangalia jina." Mwajiri gani? Tuwataje. Mwalimu huajiriwa na TSC, tume ya walimu, na wanapogawa alama wanaangalia vyeti vyako na mwaka uliohitimu, jina la chuo halina alama yake. Muuguzi hukalia mtihani wa Baraza la Wauguzi, karatasi ile ile kwa wote. Mhasibu hufanya mitihani ya KASNEB. Wakili, awe ametoka chuo cha zamani au cha juzi, hupitia Kenya School of Law. Na mhandisi? Hapa sikilizeni sana. Bodi ya Wahandisi hukagua kozi moja moja, haikubali chuo kizima kwa mkupuo. Chuo hicho hicho chenye jina kinaweza kuwa na kozi moja ya uhandisi iliyotambuliwa na nyingine ambayo haijatambuliwa. Usipouliza, utalipa karo miaka mitano, mtoto avae joho, kisha bodi imwambie haimjui.

Sasa, wapo waajiri wanaotazama jina. Kampuni kubwa za mawakili, baadhi ya benki, mashirika ya kimataifa: wakipokea maombi mengi kupita kiasi, jina la chuo huwa chekeche. Hilo nalikubali. Lakini hutumika hasa kwa kazi ya kwanza. Ukiitafuta ya pili wanauliza ulifanya nini kwenye ile ya kwanza.

Na zile orodha za vyuo bora mnazotumiana kwa WhatsApp, mmewahi kuuliza zinapimwaje? Ile ya QS, alama 30 kati ya 100 ni maoni ya wasomi na 15 ni maoni ya waajiri. Yaani karibu nusu ni sifa, jina linazaa jina. Ile ya Shanghai, alama 30 hutokana na waliosoma au wanaofundisha pale kushinda tuzo kama Nobel. Hakuna aliyeingia darasani kuona kama mhadhiri amekuja. Mwaka 2022, profesa wa hisabati wa Columbia, New York, Michael Thaddeus, alikagua takwimu ambazo chuo chake chenyewe kilipeleka kwa wapanga orodha Marekani, akaonyesha hazikuwa sahihi. Columbia ikaporomoka kutoka nafasi ya 2 hadi ya 18. Wanafunzi ni wale wale, walimu ni wale wale!

Kuna utafiti ambao lazima niutaje, hata ule upande wake unaonipinga. Stacy Dale na Alan Krueger, Marekani, walilinganisha vijana wenye uwezo sawa, waliokubaliwa au kuomba vyuo vya aina moja, kisha wengine wakaenda vyuo vya jina na wengine visivyo na jina. Baada ya miaka, mapato yao yalikuwa karibu sawa. Uwezo ulikuwa wa kijana. Isipokuwa kwa watoto wa familia maskini: hao chuo cha jina kiliwainua. Kwa nini? Kwa sababu mtoto wa tajiri ana watu tayari, na mtoto wa maskini watu wake wa kwanza huwapata chuoni. Kwa hiyo mama mboga akiniambia anataka mwanawe akutane na watu, simcheki. Namwambia: sawa, tutafute kozi ambayo watu wa kazi hiyo wanaijua, inayompeleka atachimenti, yaani mafunzo ya kazini, mahali pa maana, yenye wahadhiri wanaoweza kumwandikia barua. Hiyo unaweza kuipata Nairobi, Maseno, Kabarak, au hapo Egerton. Wangari Maathai alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1964 katika chuo kidogo cha watawa, mji wa Atchison, Kansas. Nani hapa alikuwa amewahi kusikia Atchison?

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. La matawi ya vyuo vikubwa yaliyofunguliwa ghorofani mjini, juu ya maduka, watu wakalipa jina bila maktaba, nitaliacha, mnalijua wenyewe. La karo nitasema neno moja tu: gharama ya kozi ile ile hutofautiana chuo hadi chuo, na juu yake kuna nyumba ya kupanga na chakula cha jiji. Pigeni hesabu kabla ya kujaza.

Vijana ambao hawajajaza, bakini ukumbini. Kila mmoja aje na pointi zake za klasta na kozi tatu anazozitaka mwenyewe, na mzazi akae kando yake, simu imezimwa. Tutaanza na wale wa uhandisi, kwa sababu orodha ya Bodi ninayo hapa.