Pumba Tunawapa Kuku

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuja mapema, maana Jumamosi ya Tandika naijua, na najua wapo humu ndani walioacha meza ya biashara kwa jirani. Hizo sufuria mnazozisikia huko nje ni akina mama wa kikundi, wanapika. Tukimaliza tutakula pamoja. Nimeomba iwe hivyo, na sababu mtaiona.

Nimepewa mambo matatu ya kuzungumza: chakula, yoga na utulivu wa akili. Naanzia mashine ya kusaga. Naona wanaonifahamu wameshaanza kucheka, wanajua ninakoelekea. Chekeni tu, nitalisema tena na tena mpaka nione tofauti.

Mwezi uliopita nilikuwa mashineni, si mbali na hapa, kwenye foleni na kindoo changu. Mbele yangu alikuwepo dada mmoja na mahindi debe zima, mazuri, makavu, yamepetwa yakapeteka. Fundi akamuuliza, "Unakoboa?" Hata mdomo hakufungua, aliitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeulizwa kama anapumua. Mahindi yakamwagwa. Upande huu zikatoka punje nyeupe kama meno ya mtoto. Upande wa pili, kwenye kiroba, zikaanguka pumba. Nilichota kidogo nikazisugua. Zilikuwa vuguvugu, na vidole vikawa vinateleza. Mafuta yale! Na harufu yake tamu, ile ya hindi bichi likichomwa. Kabla dada hajalipa, kijana akafika na baiskeli, akakinunua kile kiroba kwa ajili ya kuku wake, akaondoka nacho.

Tukaongozana njiani na yule dada. Katika mazungumzo akaniambia mwanawe wa miaka sita ana shida ya choo, siku tatu zinapita hajaenda, akienda analia. Ameshamnunulia dawa mara mbili. Nikasimama pale pale, bodaboda zinatupigia honi. Nikamwambia, "Mdogo wangu, sehemu ya dawa ya mwanao imeondoka na baiskeli sasa hivi. Na wewe umelipia ili iondoke."

Maana ndivyo ilivyo. Unalipa kukoboa, kisha unalipa kusaga. Debe likaingia limejaa, likatoka limepungua. Chukueni punje ya hindi mkiwa nyumbani muitazame. Ina ganda la nje, hilo ndilo lenye nyuzinyuzi zinazosaidia choo kutembea. Ina wanga, ile sehemu nyeupe, ndiyo kubwa. Halafu pale chini, upande ulioshika gunzi, kuna kiini laini. Kidogo, kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa punje, lakini sehemu kubwa ya mafuta ya hindi imo humo, na vitamini na madini. Mashine ya kukoboa inaondoa ganda, inaondoa na kiini. Mnabaki na wanga. Kuku wa yule kijana wanatagia kile mlichokikataa.

Sasa najua majibu yenu nikiwaambia mle dona, yaani unga wa mahindi yasiyokobolewa. Nimeyasikia miaka yote. "Dona ni chakula cha bweni, tulikula shuleni kwa shida." Sawa, shuleni lilipikwa kwa mahindi yenye wadudu, likasongwa haraka kwa ajili ya watoto mia tano, likaliwa na maharage yasiyoiva. Lawama hiyo si ya dona. Wa pili atasema, "Unga wake unaharibika haraka, unakuwa mchungu." Kweli kabisa, na sababu ni yale mafuta ya kiini. Kwa hiyo saga kidogo, unga wa wiki moja au mbili, usisage wa miezi mitatu. "Wageni watanionaje?" Hilo sina jibu lake, mama. Mgeni anayehesabu heshima yake kwa weupe wa ugali, mpe maji ya kunywa.

Lipo jibu moja ambalo nalichukua kwa uzito, nalo ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Mwaka 2016 kule Dodoma na Manyara watu walipoteza maisha kwa mahindi yenye sumukuvu. Na ni kweli kukoboa kunaipunguza, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Basi ukitaka dona, anza na hindi safi. Liwe limekauka, likianguka sakafuni lilie. Mwaga kwenye ungo, kaa chini, toa kila punje yenye ukungu, iliyovunjika, iliyobadilika rangi. Gunia lililolowa mvua usilinunue hata kama bei ni ya kutupa, na usidanganyike kwamba kupika kutaua ile sumu, haifi kwa moto wa jikoni. Na kama huna uhakika na mahindi ya msimu huu, kula sembe, ule unga uliokobolewa, iliyoongezwa virutubishi, soma kwenye mfuko. Kanuni zipo tangu 2011 za viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na asidi ya foliki kwenye unga. Siwaambii dona ni dawa ya kila kitu. Yule mtoto anahitaji pia maji, papai na mboga, na asipopata nafuu aende kituo cha afya.

Nimetumia muda mwingi hapo, mwenyekiti ananitazama. Sukari kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima, na ikiwezekana ishuke hadi 25, yaani vijiko sita vya chai. Soda moja ya mililita 350 huwa na gramu 35 hivi. Hujagusa chai bado. Chumvi mnaijua, kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, na humo mhesabu ile mnayonyunyizia chipsi. Mboga sitazihubiri, mama zangu wa matembele na mchicha wa bondeni mnanizidi.

Yoga. Hapa huwa naulizwa, "Hayo si mambo ya Wahindi?" Ndiyo, asili yake ni India, na imekua pamoja na imani za kule, sitaficha. Yule ambaye dhamiri yake inamzuia simgusi, anyooshe viungo vyake kwa jina lolote analotaka. Lakini kama kinachokuzuia ni ugeni tu, hebu tuulizane. Asubuhi ulikunywa nini? Chai. Na nini? Chapati. Jioni bajia, kwenye pilau achari. Na huo ugali tunaouita chakula cha mababu, zao lake tunaliita mahindi, India tumeibeba kwenye jina lenyewe, na hata huko siko lilikotoka, lilitoka Mexico! Vyote tumevipokea, tukavipa nafasi jikoni. Kunyoosha mgongo tu ndiko kumekuwa kugeni?

Umoja wa Mataifa ulipitisha mwaka 2014 kwamba tarehe 21 Juni iwe siku ya yoga duniani. Mimi sikuihitaji siku hiyo, nilihitaji mgongo. Nilikuwa nakaa ofisini saa nane, kisha nasimama kwenye daladala kutoka Posta hadi Mbagala. Nilichojifunza ni kidogo sana: kupiga magoti na kuweka viganja sakafuni, kuuinua mgongo kama paka aliyeamka, kisha kuushusha, taratibu, pumzi ikiongoza. Dakika kumi, juu ya mkeka, kabla watoto hawajaamka. Mafundi cherehani mliopo hapa, nawaomba mjaribu wiki mbili. Wenye presha, wajawazito na wenye maumivu makali muulizeni daktari kwanza, na msianze na yale ya kusimama kwa kichwa mnayoyaona kwenye simu. Na yoga haifuti kutembea. Dakika 150 kwa wiki, mwendo wa kukutoa jasho. Shukeni kituo kimoja kabla.

Kuhusu utulivu nilikuwa na karatasi mbili, naziweka kando. Nitawaambia moja tu. Mwaka 1979 mtaalamu mmoja wa elimu ya viumbe huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn, alianzisha mafunzo hospitalini kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Zoezi mojawapo lilikuwa kula zabibu kavu moja. Moja! Uitazame, uinuse, uiweke ulimini, utafune polepole. Kwetu mtu anamaliza sahani ya wali macho yakiwa kwenye simu, ukimuuliza maharage yalikuwa na nazi au hayana, hajui. Tumbo linachukua kama dakika 20 kuufikishia ubongo habari kwamba limeshiba, yeye amemaliza kwa dakika tano na anaongeza.

Kwa hiyo hatutafanya zabibu. Huko nje kuna dona, hindi lake nimelichambua mwenyewe usiku kwenye ungo. Kuna matembele ya nazi na dagaa wa Mwanza. Matonge matatu ya kwanza tutakula bila kuzungumza. Kata tonge, liminye vidoleni usikie zile chembechembe, linuse, ndipo uchovye. Tonge la nne mwanze kunisema, nitasikiliza.

Simu ziwekwe kwenye mikoba, tafadhali, hata wewe mwenyekiti. Maji ya kunawa yako mlangoni, wazee watangulie.