Shavu Lililobonyea

SALMA: Karibuni tena. Juma, leo nina kesi ya nyumbani. Binamu yangu alianguka na bodaboda, uso ukavimba kama andazi. Wiki ya pili hii uvimbe umeisha, shavu moja limebonyea. Anauliza, kwani nimevunjika leo?

JUMA: Alivunjika siku ile ile, dada. Uvimbe ulifunika shimo. Sisi madaktari tunasimama nyuma ya mgonjwa, tunachungulia mashavu yake toka juu, lipi limezama? Mdomo anafungua?

SALMA: Kwa shida. Tukasingizia jino!

JUMA: Ule upinde wa mfupa unaotoka shavuni kwenda sikioni ukiingia ndani, taya la chini linagota hapo. Na ganzi?

SALMA: Pembeni mwa pua na mdomo wa juu. Akinyoa hasikii wembe.

JUMA: Basi na mshipa wa fahamu unaopita chini ya jicho umeumia.

SALMA: Anachoogopa ni kovu.

JUMA: Kama ni upinde peke yake, tunapita kwenye nywele. Njia hiyo inaitwa ya Gillies, daktari mpasuaji mzaliwa wa New Zealand aliyetengeneza nyuso za askari kule Uingereza Vita Kuu ya Kwanza. Aliiandika na wenzake mwaka 1927, na bado tunaitumia. Mgonjwa yuko kwenye nusukaputi. Unakata sentimita 2 hivi pale panja, unakuta utando mgumu, mweupe, unaofunika msuli. Utando unashikana na upinde, msuli unapita chini yake. Kwa hiyo chuma cha kuinulia mfupa kipite katikati ya hivyo viwili, kitateleza chenyewe hadi chini ya mfupa. Ukipita juu ya utando, utainua ngozi bure.

SALMA: Kama fundi bodi anavyosukuma mlango wa gari kwa ndani!

JUMA: Ila fundi bodi anaegemea popote. Sisi hatuegemezi chuma kwenye fuvu, ni kuinua kwa nguvu ya mkono. Mfupa unalia “ka!”, umerudi.

SALMA: Mungu wangu.

JUMA: Mara nyingi upinde unakaa wenyewe. Mfupa mzima wa shavu uking'oka ndipo tunafunga sahani ndogo za titani na skrubu, kwa kupitia juu ya fizi, penye nyusi au kwenye kope. Zinabaki humo humo, zisiposumbua.

SALMA: Amechelewa?

JUMA: Yuko ukingoni. Zikipita wiki 3 mfupa unakuwa umeanza kushika, kazi inakuwa ya kuvunja upya. Aende kesho, apigwe CT skani na macho yapimwe. Jicho likitokeza, likauma na kuona kukafifia, asingoje hata asubuhi. Halafu asipenge kamasi! Hewa inaweza kupenya kwenye ufa, jicho likafura. Chafya nayo apige mdomo wazi.

SALMA: Ngoja nimpigie sasa hivi. Jana alikuwa na mafua.